Kelele Kwenye Waya

Siku ya tatu ya ukimya, Bibi alijifunza kukoholea ndani ya mto. Aliuweka mdomoni kwa mikono miwili, akajikunja juu ya kigoda chake cha koridoni, akakohoa kidogo kidogo mpaka kifua kikamwachia. Kisha akauondoa mto, akafuta macho, akatazama mlango wa chumba cha nyuma aone kama kuna aliyesikia. Mwanamke wa miaka sabini na moja, amezaa wanne, amezika mume, leo anakiombea radhi kifua chake mwenyewe. Mimi jambo hilo lilinikera tangu mwanzo na sitajifanya halikunikera.

Nyuma ya mlango ule alikuwapo mke wa mwanawe, kazini. Watu walimwita Sauti, na hawakukosea. Alikuwa anapokea simu za wateja wa kampuni inayouza majokofu, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi alasiri, amekaa ukingoni mwa kitanda, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi. Mtu jokofu lake limemwozea nyama ya wiki nzima, anapiga simu matusi yakiwa tayari mdomoni, anakutana na sauti ile, matusi yanarudi tumboni. Alikuwa na kipaji, na mshahara wake ndio uliokuwa wa uhakika katika nyumba ile, kwa sababu kazi za mumewe zilikuja zilipojisikia kuja.

Lakini sasa ilikuwa wiki ya sita laini ya simu inamgeuka. Sauti anauliza, "Je, ile taa ndogo ya kijani inawaka?" Mteja anasikia, "Je… taa… do… ka?" halafu kimya. Anabaki Sauti peke yake chumbani, "Haloo? Haloo, unanisikia?" Mteja akipiga tena, anapiga akiwa na hasira mbili.

Jumapili jioni ikaja barua kwenye kompyuta, kutoka kwa msimamizi wake. Ilikuwa fupi. Kelele nyingi kwenye laini yako. Rekebisha mazingira ya nyumbani. Utapimwa Ijumaa saa nane mchana. Ukishindwa, mkataba wako unakoma siku hiyo hiyo.

Kelele. Neno lenyewe ndilo hilo, na nyumba nzima ililielewa kama ambavyo wewe na mimi tungelielewa. Wakatazamana mezani, kila mmoja akajihukumu. Redio ikafungiwa kabatini ndani ya blanketi. Kandambili zikaachwa mlangoni. Binti yao wa miaka minane akaambiwa azungumze kwa mikono akirudi shule, na akaipenda kazi hiyo mpaka akawa anatukana kwa mikono. Mume, fundi umeme, akatia mafuta bawaba za milango yote, hata mlango wa choo. Cherehani ya Bibi, ile ya kukanyaga kwa mguu, ikafunikwa shuka. Yeye mwenyewe akahamia koridoni, mbali na ukuta wa chumba cha kazi, pamoja na mto wake.

Na laini ikaendelea kukatika vilevile.

Jumatano asubuhi msimamizi alipiga simu ya video. Hakuuliza habari za asubuhi.

"Washa kamera. Tembea nayo, nataka kuona hiyo nyumba."

Sauti akasimama, simu mkononi. Alikuwa amekwisha kuwa mama wa mtu wakati kijana huyu bado anavaa sare za shule, lakini alitembea.

"Hapo ni wapi?"

"Jikoni."

"Sufuria zote hizo za nini?"

"Za kupikia."

"Zinagongana?"

"Hazigongani kama hazijaguswa."

"Usinijibu hivyo. Endelea."

Akaingia koridoni. Bibi alikuwa kigodani, miguu imenyooshwa, kitenge kimepanda magotini kwa joto, mto mapajani. Hakuwahi kujitengeneza. Kamera ikamkuta hivyo hivyo, akavuta kitenge kwa haraka na kushindwa kukifikisha.

"Na huyo nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Anakaa hapo kila siku?"

"Hapa ni kwake."

"Sikuuliza ni kwa nani. Nimeuliza, anakaa hapo kila siku?"

"Ndiyo."

"Ana kikohozi?"

Sauti aligeuza kamera ikatazama ukuta.

"Basi tumepata," msimamizi akasema, na alisema kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. "Tafuta namna. Saa za kazi mzee apelekwe kwingine. Ndugu hawakosekani. Ijumaa nisimsikie."

Simu ikakatwa. Maneno yote yale yalisemwa juu ya kichwa cha Bibi, kwa sauti ya spika, na yule kijana alimtazama usoni mtu mwenye umri wa bibi yake asimwambie shikamoo. Hilo Bibi hakulisema. Alishusha kitenge, akakigonga gonga magotini kama mwenye vumbi.

Saa saba, wakati wa mapumziko, Sauti alimkuta akifunga mkoba.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa binti yangu. Siku chache tu."

"Kule chumba kimoja watu watano. Utalala wapi, juu ya jiko?"

"Tutabanana. Mwanangu, hiyo kazi ndiyo inayotulisha. Mimi nikila kwa binti yangu nimekula."

"Hutoki."

"Usibishane na mimi."

"Leo nabishana," Sauti akasema, akauchukua mkoba, akaukalia. Akaukalia kweli, sketi ya kazini na yote, sakafuni. "Miaka kumi nakuitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Leo hapana, mama. Kama kazi inataka nikufukuze kwako, kazi hiyo itafute mtu mwingine wa kuifukuzia watu."

Bibi alimtazama mkaza mwanawe pale chini. Alitaka kucheka, kikohozi kikamtangulia, safari hii bila mto, kirefu, cha kutikisa mabega. Kilipokwisha alikaa kigodani.

"Basi nikuulize kitu. Huyo bwana anasikia nini hasa?"

"Kelele."

"Kelele ya nini? Maana mimi nimekaa hapa siku tatu, nyumba hii hata nzi anapita kwa adabu. Kitu pekee ninachokisikia ni lile dude la maji."

Alimaanisha pampu. Ilikuwa uani, nyuma ya ukuta wa chumba cha Sauti, ikipandisha maji kwa wapangaji wa juu. Mpangaji akifungua bomba, pampu inawaka yenyewe. Ya zamani ilikuwa ndogo. Wiki sita zilizopita mwenye jengo alileta kubwa zaidi, na fundi aliyeifunga si mwingine ila mwanawe Bibi.

"Na kila likinguruma," Bibi akaendelea, "wewe huko ndani unasema haloo, haloo."

"Mama, mimi nasema haloo kutwa nzima."

"Hiyo ya kawaida unaisema mara moja. Mimi nazungumzia ile ya kubembeleza."

Akainama, akatoa chini ya kigoda makopo mawili ya vifungo vyake vya kushonea. Mikono iliyonyimwa cherehani ilikuwa imejitafutia kazi. Tangu asubuhi ya jana, pampu ikiwaka alitia kifungo cheupe kopo la kwanza. Sauti akibembeleza laini, kifungo cheusi kopo la pili. Wakavimwaga sakafuni, wakavipanga viwili viwili. Vyeupe ishirini na tatu. Vyeusi ishirini na moja.

"Viwili vimepungua," Sauti akasema.

"Hivyo viwili ulikuwa umekwenda chooni."

Sauti alivitazama vifungo vile kwa muda. Kisha akachukua simu, akampigia msimamizi. Hakuwa amewahi kumpigia mwenyewe tangu aanze kazi.

"Samahani, nina swali moja. Hizo kelele unazozisikia kwangu ni za nini? Kikohozi? Sufuria? Mtoto?"

"Kwani mimi nazisikia? Mashine ndiyo inayopima. Kuna safu hapa imeandikwa kelele kwenye waya. Yako imejaa nyekundu."

"Kwenye waya."

"Ndiyo."

"Barua yako ilisema kwenye laini, ukasema nirekebishe mazingira ya nyumbani."

"Si kitu kimoja?"

"Umewahi, hata siku moja, kusikia mtu akikohoa kwenye simu zangu?"

"Sijasema nimesikia. Nimesema—"

"Asante," Sauti akasema, na akawa wa kwanza kukata.

Alikuwa na hasira, wala si woga. Siku tatu wamenyata kama wezi katika nyumba yao wenyewe, wamemziba mdomo mzee wa watu kwa mto, na aliyewaamuru hakuwahi kusikia chochote.

"Kelele inakaaje ndani ya waya?" akauliza.

"Mbona rahisi," Bibi akasema. "Redio ya marehemu ilikuwa hivyo. Jirani akiwasha mashine ya kusaga, msoma habari anaanza kukwaruza. Hakuna aliyepiga kelele. Ni umeme wa jirani unaingilia."

Wote wawili wakainua macho kwa pamoja. Juu ya kichwa cha Bibi, kutoka sebuleni mpaka mlango wa uani, lilipita bomba la plastiki jeupe, mita kumi na moja, limenyooka hata ukiliwekea rula utaona haya.

Bomba lile lilikuwa fahari ya mume. Huko mitaani aliitwa Nyoofu, kwa sababu hakuna waya wake uliowahi kupinda. Mafundi wengine wakimaliza kazi ukuta unaonekana umetapikiwa. Nyoofu akimaliza, mwenye nyumba anaita jirani aje kuona. Kampuni ya Sauti ilikataa intaneti ya hewani, ilitaka waya, na kwa miezi ya kwanza waya huo ulipita pembeni, umening'inia ovyo, unamkera. Siku alipofunga pampu mpya akapata nafasi. Akachukua bomba moja, akatia waya wa pampu na waya wa intaneti pamoja, na ili zisilegee humo ndani akazifunga kwa tepu nyeusi, kila baada ya shubiri moja, mwanzo mpaka mwisho. Wateja wapya alikuwa anawaleta nyumbani wakalione.

Alirudi saa kumi na moja, akavua viatu mlangoni, akanyata mpaka koridoni kwa vidole.

"Vaa viatu vyako," mkewe akamwambia kwa sauti ya kawaida. Nyoofu akashtuka. "Tumejua kelele ziko wapi. Ziko kwenye bomba lako."

Alisikiliza mpaka mwisho, vifungo na yote, huku akitikisa kichwa.

"Miaka kumi na tano navuta waya. Waya ni waya. Huu una ngozi yake, ule una ngozi yake, umeme hauruki. Nyumba ngapi nimefanya hivi?"

"Nyumba ngapi zina mtu anayepokea simu chumbani?"

"Sasa leo vifungo vya mama vinanifundisha umeme?"

"Vinakufundisha kusikia," Bibi akasema. "Wa pampu unapayuka. Wa mke wako unanong'ona. Wewe umewalaza kitanda kimoja, ukawafunga na kamba juu. Hebu nikupayukie sikioni mita kumi na moja, tuone utasikia nini cha mtu mwingine."

"Mama, hayo ni ya redio za zamani."

"Haya, toka uani na simu yako," Sauti akasema. "Usiniamini mimi. Amini sikio lako."

Akatoka, kwa kuwaridhisha. Sauti akampigia kwa kompyuta, akaanza kumsomea karatasi ya maelekezo: jinsi ya kusafisha mpira wa mlango wa jokofu. Maneno yakamfikia mumewe safi, moja moja. Bibi akamwita mpangaji wa juu kupitia dirishani, akamwomba afungue bomba. Pampu ikanguruma. Na sikioni mwa Nyoofu, mkewe akavunjika vipande. Kitambaa… ji… goto… Halafu hakuna.

"Rudia," akasema.

Wakarudia. Ikawa vilevile.

"Rudia tena."

Mara ya tatu hakungoja pampu izime. Alirudi ndani, akakaa kwenye kigoda cha mama yake, mto ukiwa bado pale, akaushika. Ulikuwa na unyevu katikati. Aliona aibu, na hakuwa na mahali pa kuiweka. Alitia mafuta bawaba za nyumba nzima, akamwangalia mama yake akijiziba pumzi siku tatu, na kelele alikuwa amezifunga yeye kwa mikono yake, shubiri kwa shubiri, kwa unadhifu.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Kalete ngazi."

Lakini giza lilikwisha kuingia, na siku ya pili yake, Alhamisi, kazi ilibidi ingoje Sauti amalize zamu saa kumi, naye alimaliza akiwa amebembeleza haloo mara kumi na nne. Nyoofu akapasua bomba lake kwa msumeno. Akakata tepu moja moja, hamsini na kitu, hakuna aliyemharakisha. Alipoutoa waya wa intaneti akautupa, kwa kuwa ngozi ilikuwa imebonyezwa na tepu, akafungua mpya. Waya wa pampu akaurudisha peke yake.

"Huu mpya nitaupitisha ukuta wa upande huu," akasema juu ya ngazi. "Utanyooka vizuri tu."

"Hapo kuna taa ya tyubu," Sauti akasema. "Nayo inanguruma, sikiliza."

Akasikiliza. Ilikuwa inanguruma kweli. Miaka yote alikuwa anaipita.

"Basi juu ya mlango wa jikoni."

"Hapo kuna waya wa jokofu."

"Sasa nipite wapi?"

Mkewe akamwonyesha kwa kidole: kutoka kisanduku cha intaneti, katikati ya dari ya sebule, mshazari, juu ya picha yao ya harusi, uingie chumba cha Bibi kwenye kona, uuvuke waya wa pampu mara moja tu, kwa kuukata njia panda, usifuatane nao hata hatua moja, ndipo ushuke mezani kwake.

Nyoofu aliiangalia njia ile kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake.

"Mtu akiingia hapa atasema nini? Mimi naitwa Nyoofu."

"Leo pinda."

"Mshazari, mama watoto. Juu ya harusi."

"Pinda, baba."

Akapinda. Kila klipu aliyoigongomea ilimuuma, na aligongomea ishirini na sita. Alipomaliza, dari ilionekana imechapwa bakora. Binti yao akatazama juu, akauliza kama baba alikuwa mgonjwa, na safari hii aliuliza kwa mdomo.

Usifikiri Sauti alilala usingizi mzuri. Alijua anaweza kuwa amekosea. Kama pampu haikuwa sababu pekee, kesho saa nane hana kazi, na Bibi ataufunga mkoba tena, na hapo hata kuukalia hakutasaidia. Lakini alikuwa ameamua jambo moja: hatapimwa katika nyumba iliyozibwa mdomo.

Ijumaa saa saba na nusu akatoa redio kabatini. Akaivua blanketi, akaiweka dirishani, akaiwasha. Akafunua cherehani, akaiburuta mpaka nje ya mlango wa chumba chake cha kazi, mlango akauacha wazi.

"Kaa hapa, mama. Shona."

"Una wazimu?"

"Shona. Ukitaka kukohoa, kohoa mpaka ushibe. Nyumba imerekebishwa, watu hawana kosa."

Nyoofu hakwenda kazini siku hiyo. Alisimama jikoni mkono juu ya bomba la sinki, na juu alikuwa amewaomba wapangaji wote wanne wafue nguo mchana huo. Wapangaji walikubali, maana kila mmoja wao alikuwa amemwona Bibi, kupitia dirisha la koridoni, akijiziba mdomo kwa mto.

Saa nane msimamizi akaingia kwenye laini. Akamwunganishia mteja, mwanaume mkali, jokofu lake linavuja maji siku ya nne na mkewe ameapa kulitupa nje na yeye juu yake. Sauti akavuta pumzi.

"Habari za mchana, baba. Pole sana. Tuanze taratibu, tutalipata."

Huko juu mabomba yakafunguka, manne kwa mpigo. Pampu ikanguruma mpaka glasi ya maji mezani ikatetemeka. Nyoofu akafungua la sinki na lake. Sauti akaiona taa ya kisanduku kupitia mlango ulio wazi, kijani, ikipepesa kwa utulivu.

"Fungua mlango, tazama chini kabisa nyuma. Kuna kitundu kidogo. Unakiona?"

"Nakiona."

"Kimeziba. Chukua kijiti chembamba, kisiwe cha chuma."

"Ngoja… Kumbe hapa? Siku nne zote ni hapa?"

"Ni hapo, baba."

Neno halikupotea hata moja. Dakika kumi na saba, pampu ikiwaka na kuzima na kuwaka, cherehani ikienda, redio ikiuza sabuni. Mteja akamaliza kwa kumshukuru, akamwomba Sauti amsalimie yule mke aliyeapa, jambo ambalo halikuwezekana maana hamjui, lakini alikuwa amefurahi. Akakata. Akabaki msimamizi.

Alisoma mashine yake. "Safu yako ni nyeupe tupu," akasema. "Kelele sifuri. Umebadilisha nini?"

"Waya."

"Basi umefaulu. Endelea Jumatatu." Halafu, maana Bibi hakuweza kungoja zaidi, kikatoka kikohozi, kipana, cha starehe, cha siku tano. "Nani huyo anakohoa?"

"Mama mkwe wangu," Sauti akasema. "Anakaa hapa kila siku."

Akawasha kamera kabla hajaombwa. Akaigeuza kompyuta ielekee mlangoni, ambapo Bibi alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake, kitenge kimefungwa vizuri, miwani puani, nguo ya mpangaji mkononi.

"Jumatano ulipita hapa," Sauti akasema, kwa sauti ile ile ya kutuliza watu wa majokofu. "Hukusalimia."

Pampu ilikuwa inawaka. Laini haikukatika, hivyo kijana hakuwa na pa kujificha.

"Shikamoo, mama," akasema.

Bibi alikuwa katikati ya mshono. Aliufikisha mwisho, akainua mguu wa cherehani, akakata uzi kwa meno. Akakohoa mara moja tena, bila kuziba mdomo. Ndipo akainua macho.

"Marahaba," akasema. "Nilikuwa sikusikii, mwanangu. Siku ile kulikuwa na kelele."